Kaimu wa Atuganile

1

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Atuganile Mwakisole, aliyekuwa ameshika kipaza sauti, naye akacheka. Kisha akaanza kujiuliza kilichochekwa ni nini.

Alijua tu kwamba mzaha umetoka kinywani mwake. Baba wa bwana harusi alikuwa ameinama akijipangusa machozi kwa leso. Shangazi mmoja meza ya mbele alikuwa akimpiga jirani yake begani, "Huyu mama ataniua mimi!" Atuganile aliwaona wote, akawasikia wote, lakini kama mtu anayetazama sherehe ya jirani kupitia dirisha lililojaa mvuke wa chungu cha ndizi.

"Sasa wapendwa," ulimi wake uliendelea bila kumngoja, "upande wa bibi harusi wanataka kuleta zawadi. Nimewaambia waje wakicheza. Atakayekuja anatembea tu kama anakwenda kumwona hakimu, zawadi tutapokea, ila yeye tutamrudisha mlangoni akaanze upya!"

Wakacheka tena. Muziki ukapigwa, shangazi wakanyanyuka na vitenge viunoni.

Nyuma ya sikio la Atuganile, chini ya kilemba, taa ya kijani ndogo kama punje ya mtama ilikuwa inawaka. Hakuna mtu aliyeiona.

2

Mwaka ule, kabla ya taa ile kuwekwa, watu wa Tukuyu walikuwa wameanza kuona ni ushamba keki ya harusi kuingizwa ukumbini kwa mikono. Keki ya kisasa ilipaa. Ilibebwa na droni nne juu ya sinia la chuma, ikazunguka juu ya vichwa vya wageni, ikatua mbele ya maharusi taratibu kama ndege kwarara anayeshuka shambani.

Aliyeileta fasheni hiyo mjini alikuwa Anyisile, mdogo wake Atuganile wa kuzaliwa naye tumbo moja. Dada akisherehesha, mdogo anaoka. Walikuwa wakiitwa pamoja kila wilaya.

"Hiyo keki siku moja itamwangukia mtu," Atuganile alimwambia mara ya kwanza alipoona majaribio.

"Dada, wewe unaogopa kila kitu kisicho na miguu."

Siku ajali ilipotokea, droni moja ilizima ghafla angani. Sinia likainama, keki ikateleza, na ukingo wa sinia ukampata Atuganile kisogoni akiwa katikati ya sentensi. Watu waliosimulia baadaye walisema alianguka bila kuachia kipaza sauti. Na waliosimuliwa, wakishamaliza kusikitika, waliuliza keki yenyewe ilikuwa ya ladha gani.

Hospitali walimpiga picha za ubongo. Hakukuwa na damu iliyovuja wala mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo, walisema, apumzike. Akapumzika. Kichwa kikaacha kuuma, kizunguzungu kikaisha, mwanga ukaacha kumchoma macho. Kilichobaki hakikuonekana kwenye picha yoyote.

Kilichobaki kilikuwa ukungu. Aliingia jikoni akasimama, asijue amefuata nini. Alimimina chai kwenye bakuli la sukari. Neno dogo kabisa, "kijiko," lilimkimbia, akalitafuta huku mkono ukionyesha hewani. Lakini kusahau si kulikomtisha. Kilichomtisha ni kwamba vitu vilikuwa vimepoteza ladha. Mtoto wao Lusajo alipiga simu kutoka shule ya bweni Iringa akilia kwamba amemkumbuka mama, na Atuganile akamsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji asioujua. Mumewe, Gwakisa, asipomshika mkono, angekaa mbali naye siku nzima. Na akimshika, kwake ilikuwa kama kushika kitasa cha mlango. Alijua anampenda. Alijua kama anavyojua kwamba dunia ni mviringo.

Ndipo Daktari Lyatuu, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito anayetibu wagonjwa wa ubongo Mbeya mjini, akamweleza habari za Kaimu.

"Ni uzi," alisema, akiuinua kwa kibano. Atuganile hakuona kitu mpaka mwanga ulipoupiga. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele. "Tunaupitisha chini ya ngozi nyuma ya sikio. Unasikia unachoambiwa, unasikia pia ubongo wako unavyohangaika kujibu. Ubongo ukiwahi, Kaimu ananyamaza. Ukichelewa, anaitekenya mishipa ya ulimi na koo, anajibu badala yako."

"Anajibu... nini?" Gwakisa ndiye aliyeuliza, maana mkewe alikuwa bado anatafuta swali.

"Kile ambacho angejibu yeye. Tunamfundisha kwa rekodi. Na mkeo, kwa bahati nzuri, ana rekodi za harusi za nusu ya mkoa." Kisha daktari akamgeukia Atuganile. "Ila sikiliza, mama. Kaimu ni kaimu, si mwenye kiti. Na hii taa ya kijani, akisema yeye inawaka. Usiifunike. Anayezungumza na wewe ana haki ya kujua anazungumza na nani."

Wiki za mwanzo hakuifunika. Lakini wageni waliikodolea macho taa badala ya kusikiliza, na bibi harusi mmoja alisema anaona kama ameshereheshewa na jokofu. Atuganile akanunua kilemba. Gwakisa alikiona kile kilemba, akaelewa, akanyamaza. Nyumbani mwake kicheko kilikuwa kimerudi mezani. Mtu mwenye njaa hamuulizi mpishi maswali mengi.

3

Tangu ajali, Anyisile hakuwa amekanyaga kwa dada yake. Alituma keki tu, kila Jumamosi, zikija kwa miguu ya mtu. Kisha mchana mmoja wa mvua alitokea mlangoni mwenyewe, amelowa, mrefu, mikono haijui ikae wapi.

Hakuketi. Alipiga magoti pale pale sebuleni.

"Dada, nisamehe. Nimeshindwa kula, nimeshindwa kulala. Ulinionya, sikusikia. Nisamehe."

Atuganile alimwona mdogo wake kwa mbali, mdogo sana, nyuma ya kioo. Akaanza kutafuta ndani yake kilichopo. Ngoja, alitaka kusema. Ngoja nitazame kwanza. Lakini ulimi ulishaondoka.

"Inuka mdogo wangu! Sakafu hii inapashwa na joto la volkano ya mlima Ngozi, utaivisha magoti bure na hatuna pilipili." Mkono wake, ukiifuata sauti, ukamwinua Anyisile. "Nilikusamehe kabla sinia halijafika chini. Wewe ni damu yangu. Na keki, kwa jinsi nilivyoilamba nikiwa sakafuni, ilikuwa nzuri."

Anyisile alilia, kisha akacheka huku analia, kisha akamkumbatia dada yake akamlowesha mwili mzima. Akatoa habari aliyokuwa ameificha: Ipyana, mchumba wake, yule mwalimu wa Rungwe, amemaliza taratibu za posa. Harusi iko karibu. Mshereheshaji awe nani kama si dada?

"Nani mwingine?" ulimi ukasema. "Ukimpa mtu mwingine nitakuja kumzomea."

Anyisile aliondoka akiimba mvuani, bila mwavuli.

Gwakisa alitoka jikoni, macho yamemlowa. "Umefanya jambo kubwa, Mama Lusajo."

Atuganile alivuta kilemba kikaanguka. Taa ndogo ilikuwa inazimika.

"Si..." Alingoja. Alijilazimisha kuwahi, kabla Kaimu hajawahi. "Si mimi."

Gwakisa akaketi polepole. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini tufikiri. Kosa liko wapi? Yule mtoto alikuwa anakonda. Sasa amepona. Na wewe ukipona utakuja kumsamehe tu, ni dada yako... ni mdogo wako. Tarehe ndizo zitapishana."

"Na nisipo... msamehe?"

 Gwakisa akakuna kidevu, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. "Ile siku uliponiambia napendeza na shati la bluu?"

"Kaimu."

"Nimelivaa wiki nzima mimi."

Atuganile akamtazama. Alijua hapa pana jambo la kusikitisha, na pana jambo la kuchekesha, na yote mawili yalikuwa upande wa pili wa kioo. Alinyoosha mkono tu, akaushika wake. Gwakisa akauacha ukae.

4

"Umefunika taa," Daktari Lyatuu alisema, bila kuuliza. Alikuwa akitazama mistari iliyokuwa ikipanda na kushuka ukutani, ya rangi mbili. "Huu wa kijani ni Kaimu. Huu mwekundu ni wewe. Unaona?"

Wa kijani ulikuwa milima. Mwekundu ulikuwa ziwa lisilo na upepo.

"Nilipokuwekea, mwekundu ulikuwa unajaribu. Unachelewa, lakini unajaribu. Sasa umejua kwamba ukichelewa kuna wa kuujibia. Ubongo ni kama mgonjwa anayeletewa uji kitandani. Siku za kwanza uji ni dawa. Baadaye uji wenyewe ndio unaomlaza."

"Nikim... zima?" Atuganile aliuliza.

"Utahangaika. Utachoka mpaka ulale saa sita mchana. Watu watakumalizia sentensi, na wengi watazimalizia vibaya. Ukungu unaweza kuondoka. Unaweza pia kupungua tu, ukajifunza kutembea ndani yake kama watu wa Tukuyu wanavyotembea ndani ya ule wa kila asubuhi. Siwezi kukuahidi."

"Harusi ya... mdogo wangu. Watanicheka."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, si ndiyo kazi yako?"

Akampa kidude cha sumaku, kidogo kama kifungo cha koti. Kukigusisha nyuma ya sikio kulimlaza Kaimu. Atuganile alikigusisha akiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Ghafla kukawa na ukimya kichwani, ukimya mkubwa kama nyumba iliyohamwa. Ilimchukua muda mrefu kumwambia dereva anakwenda wapi, na dereva, kijana mwenye haraka, alimalizia, "Kyela?" Hapana. "Ipinda?" Hapana. Mwishowe akaonyesha kwa kidole kibao cha barabara ya Tukuyu, wakafika.

5

Duka la Anyisile lilinukia vanila na siagi. Mwenyewe alikuwa amevaa aproni, anapaka krimu kwenye keki yake ya harusi, ngazi kwa ngazi, akiimba. Alipomwona dada yake kichwa wazi akafurahi.

"Karibu dada! Umenyoa? Hapana, hujanyoa. Umependeza. Kaa hapo, onja hii."

Atuganile hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima na sasa aliogopa yakimwagika hataweza kuyaokota.

"Siku ile. Ulipopiga... magoti. Aliyekujibu si mimi. Ni Kaimu." Aligeuza kichwa, akamwonyesha pale nyuma ya sikio, taa imezimika. "Nilificha. Samahani."

Kisu cha krimu kilisimama hewani.

"Kwa hiyo nilipigia magoti uzi?"

"Mimi nilikuwepo. Ila... mbali."

"Na kunisamehe?"

"Sijui. Nilitafuta. Sikuona kitu."

Anyisile aliweka kisu mezani. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto, na kama mtoto akaruka kwenye kujitetea. "Basi dada, na mimi niseme. Ule haukuwa uzembe. Droni ilizima, mashine ni mashine! Na wewe nilikuambia usisimame pale katikati. Ungesimama pembeni kama nilivyosema..."

"NILIKWAMBIA!"

Wote wawili walishtuka. Atuganile alikuwa amepiga meza, na kiganja chake kilikuwa kimezama kwenye ngazi ya chini ya keki.

"Nilikwambia itamwangukia mtu!" Maneno yalikuwa yakitoka yamekatikakatika, mengine yamegeuka, lakini yalikuwa yanatoka. "Ukasema mimi... ukaniita mwoga! Mimi! Hukunishauri nisimame... uongo! Uongo, Anyisile! Mtoto wangu ananililia kwenye simu nami nasikia kama... kama redio! Naita mume wangu 'wewe.' 'Wewe' tu! Jina limekimbia! Na wewe unaniletea keki! Kila Jumamosi keki! Nani amekuambia nataka tena kuona keki?"

Kitu kilikuwa kinapanda kifuani mwake, cha moto, kinauma. Kiliuma kama mguu uliokufa ganzi damu inapoanza kuurudia, ile michomo ya sindano isiyovumilika ambayo hata hivyo huwezi kutaka iondoke. Alitambua kwa mshangao kwamba anatetemeka. Na kwamba krimu iliyo mkononi ni baridi. Alikuwa anaihisi.

Anyisile alikuwa amejikunyata penye kona ya jokofu. Kisha, taratibu, akasimama wima.

"Dada. Umekasirika."

"Nimekasirika!"

"Umekasirika kweli kweli."

"Sana!"

"Ni wewe," Anyisile alisema, na machozi yakamtoka huku mdomo unacheka. "Jamani ni wewe. Yule mwingine alikuwa mzuri mno, nilirudi nyumbani nikajiuliza, dada huyu lini amekuwa malaika? Endelea. Nigombeze. Nimesema uongo, ni kweli, sikukuambia usimame pembeni. Endelea!"

Atuganile alifungua kinywa kuendelea. Hasira bado ilikuwapo lakini nguvu zilikuwa zimeisha, kama betri ya redio ya zamani. Akavuta kigoda, akaketi. Anyisile akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akampigia magoti mara ya pili, akaanza kumwosha mkono kidole kwa kidole.

"Nisamehe, dada," alisema kwa sauti ndogo.

Atuganile alitafuta tena ndani. Safari hii palikuwa na kitu, lakini hakikuwa hicho.

"Bado."

"Lini?"

"Sijui. Ikifika nitakwambia. Mimi, si... mtu mwingine."

Anyisile aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, ilionekana. "Na harusi?"

"Nitasema. Polepole." Akaitazama keki yenye shimo la kiganja. "Hii utai... nani? Utaiziba?"

"Nitaiwekea ua," Anyisile alisema. "Kubwa."

6

Harusi ilifanyika Jumamosi mchana, na keki iliingia ukumbini ikisukumwa kwenye meza ya magurudumu na wanaume wanne waliokatazwa kukohoa.

Atuganile alipanda jukwaani kichwa wazi. Gwakisa alikaa nyuma yake na kipaza sauti cha pili, kwa makubaliano kwamba akichoka atampokea. Watu walipiga makofi. Makofi yakaisha.

"Karibuni," alisema. "Mimi nilipigwa na keki."

Wachache walicheka, kwa wasiwasi.

"Kwa hiyo leo... nitasema taratibu. Wenye haraka, chakula kiko nyuma. Bwana harusi wetu anaitwa..."

Jina likakimbia. Alilisikia likikimbia, kama kuku anayetoka mlangoni. Zamani Kaimu angelidaka kabla halijavuka kizingiti. Sasa palikuwa na ukumbi mzima ukimtazama, na mama yake mzazi meza ya mbele akiwa ameziba mdomo kwa kitenge. Atuganile akamgeukia bwana harusi.

"Kijana. Unaitwa nani?"

"Ipyana!" bwana harusi akaitika, ameruka kidogo kwenye kiti.

Atuganile akamtazama. Akafikiri. Watu wakangoja.

"Una uhakika?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inayokimbia juu ya migomba. Kiliposhuka juu yake, Atuganile alijua kimechekwa nini. Alikijua chote, tangu mwanzo wake. Ulikuwa mzaha mdogo, wa kawaida kabisa. Kaimu angetoa ulio bora mara kumi. Lakini huu ulikuwa umetoka alikokuwa yeye.

Kabla ya zawadi alikuwa amechoka hoi, akampa Gwakisa nafasi. Gwakisa akatangaza zawadi za upande wa bwana harusi kuwa ni za upande wa bibi harusi, akawaita wakwe "wateja," na ukumbi ukamzomea kwa mapenzi mpaka mwisho. Atuganile alilala kwenye kiti, kichwa begani kwa mama yake, na hakuiona keki ikikatwa.

7

Maharusi walikuja kuwasalimu wiki iliyofuata, wakala ndizi na nyama. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Atuganile alikaa mezani akisikia mazungumzo yakipita juu kama ndege, akajibu machache, na hakuna aliyemmalizia sentensi. Ipyana na Gwakisa walitoka barazani kubishana mpira. Wanawake wakabaki jikoni na vyombo.

Atuganile alikuwa anafuta, Anyisile anaosha. Hawakuwa wakizungumza. Sahani ikateleza kwenye povu, ikagonga ukingo wa sinki, ikavunjika vipande vipande mikononi mwa Anyisile.

"Umejikata? Lete hapa. Lete nione!"

Alikuwa ameshaushika mkono wa mdogo wake, ameusogeza kwenye mwanga wa dirisha, anageuza vidole kimoja kimoja, moyo unamwenda mbio. Tone moja la damu, dogo, penye dole gumba. Akalibana kwa taulo.

"Inauma?"

"Kidogo," Anyisile alisema. Alikuwa anamkodolea macho dada yake.

Ndipo Atuganile naye akatambua. Maneno yalikuwa yametoka bila kutafutwa. Kaimu alikuwa amelala. Mkono aliokuwa ameushika ulikuwa wa moto, wenye povu, wa Anyisile, mkono ule ule aliouvusha barabara wakienda shule, na hapakuwa na kioo kati yao. Alingoja kidogo aone kama kitarudi. Kingerudi, alijua; pengine kabla ya chai. Lakini kwa sasa hakikuwepo, na alipotafuta ndani, kitu alichokuwa akikikosa kilikuwa kimekaa pale wazi, kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Anyisile."

"Abee dada."

"Nimekusamehe."

 Anyisile akatazama vipande kwenye sinki. "Kwa... sahani?"

"Kwa keki," Atuganile alisema. "Sahani bado."